Bibi, mjukuu na rozela: uchambuzi wa kisa kimoja Moshi

Majina nimeyatoa, mtaa nimeutoa, na vitu viwili vitatu ambavyo jirani angesoma akasema "aah huyu si fulani" nimevibadilisha. Familia inajua naandika. Na rozela ninayemzungumzia hapa ni ndege, kasuku mdogo wa Australia, siyo ile ya juisi.

## Wahusika na mazingira

Bibi ana miaka 71, mjane, anaishi Moshi kwenye nyumba yenye uwanja wa kutosha, kahawa kidogo nyuma, migomba, mparachichi mmoja mkubwa wa kivuli na mstari wa migrivea mpakani. Watoto wake wote wameshatoka. Mmoja yuko Dar, ndo anatuma hela ya matumizi, huyu nitamwita dada. Mtoto wa dada, wa kiume, miaka 10, anakaa na bibi na anasoma huku huku Moshi. Kuna binti wa kazi anakuja asubuhi anaondoka jioni.

Jirani yao alikuwa mgeni kutoka Ulaya, alikuja kwa mkataba wa kazi, na alikuwa na rozela dume wa miaka mitano hivi. Mkataba ukawa unaisha na hakutaka kabisa ile shida ya kumpandisha ndege kwenye ndege. Sasa bibi alikuwa anapeleka mayai pale kila wiki, anakaa barazani kusubiri hela yake, anamwangalia yule ndege, wakati mwingine hela ameshapewa na bado amekaa tu. Mgeni akaliona hilo, akamuuliza kama atamchukua. Bibi akasema ngoja niwaulize watoto, na hapo ndo mambo yakaanza maana wiki haijaisha kila mtu kwenye grupu la WhatsApp la familia alikuwa na ndege wake kichwani.

Mi nauza dawa za mifugo na nimefuga ndege muda mrefu, dada akapata namba yangu kwa mtu, akanipigia kutoka Dar. Swali lake la kwanza, hata salamu hazijaisha vizuri: "Kaka, huyo kasuku ataongea?"

## Huyu ni ndege wa aina gani

Rozela wapo kama aina sita, wote asili yao Australia. Huyu alikuwa rozela wa mashariki, Platycercus eximius, wale ambao ukimwona mara ya kwanza unadhani mtoto wa chekechea kapewa rangi zote amalize: kichwa chekundu, mashavu meupe, kifua chini njano, mgongo mweusi kila unyoya una ukingo wa njano, mabega bluu. Urefu sentimita 30 hivi na karibu nusu ya hiyo ni mkia, uzito gramu 100 na kidogo. Anaishi miaka 15, akitunzwa vizuri anapita 20.

Uzuri wake ndo unaoponza watu. Mtu anaona picha anasema huyu ndo wa kukaa naye, alafu anategemea tabia za kasuku wa kijivu wa Afrika, yule anayeongea kama mtu wa redio, kumbe rozela si muongeaji. Wapo wanaodaka neno moja mawili, ila kipaji chao ni kupiga mluzi, hapo wako vizuri sana, sauti yao ni ya kengele kengele wala siyo ule ukelele wa kutoboa masikio. Kushikwa hawapendi. Kukunwa shingo hawapendi. Yule aliyelelewa kwa mkono tangu kinda anaweza kupanda kwenye kidole, lakini ukiacha kumshika wiki chache anarudi kuwa ndege wa mwituni, na wakifika umri wa kubalehe, mwaka mmoja na kitu, wengi wanaanza kuuma hata waliokuwa wapole. Alafu wana wivu wa eneo. Porini wanatembea wawili wawili au makundi madogo, lakini ukimfungia na ndege wa aina nyingine kwenye banda moja anaweza kumuumiza vibaya.

Anahitaji kuruka. Hii naiandika peke yake kwa sababu kuna kasuku ambao ni wapandaji, unampa tundu la wastani lenye kamba na vibao anashinda anapanda panda anafurahi, lakini rozela anataka mstari mrefu wa kuruka kwenda na kurudi, ukimweka kwenye tundu la mapambo lile la sebuleni mkia unakatika katika, mwili unanenepa, anakuwa ndege wa kukaa kwenye kijiti akikasirika.

## Tuliyouliza kabla ya kukubali

Kwa kweli nilivyosikia maelezo ya dada kwenye simu nilikuwa naelekea kusema hapana. Mzee wa miaka 71, mtoto wa miaka 10, ndege asiyependa kushikwa. Nikasema lakini niende nikawaone.

Nilimuuliza kila mtu swali lilelile, peke yake bila wengine kusikia: unataka huyu ndege akufanyie nini? Dogo akajibu hapo hapo, anataka akae begani waende naye dukani, marafiki zake waone. Dada kwenye simu alitaka ndege wa kuongea na mama, "asijisikie mpweke". Bibi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, hakunyanyua hata kichwa.

"Mwanangu, mimi nataka anipigie kelele kidogo asubuhi nijue kumekucha. Nimwangalie. Sitaki kitu cha kunipanda panda."

Hapo mtazamo wangu ukageuka. Yaani kile kinachowafanya watu wengi wamrudishe rozela baada ya mwaka ndo hasa bibi alikuwa anakitaka. Alafu ukiangalia siku yake inavyokwenda, anaamka saa kumi na mbili kasoro, na kuanzia saa tatu hadi saa kumi yuko barazani, anachambua, anashona, anasikiliza redio, watu wanapita wanamsalimia. Ndege mmoja asiye na mwenzake anahitaji kiumbe karibu mchana kutwa, na hii ni kitu wafanyakazi wengi wa mjini hawana kabisa, wanatoka alfajiri wanarudi usiku alafu wanashangaa ndege kajinyonyoa.

Nikauliza mengine. Nani ana matatizo ya kifua? Hamna. Wanapika na nini? Gesi ndani, mkaa kwenye jiko la nje, na pikipiki ya mjomba huwa inawashwa palepale pembeni ya jiko. Nimeandika hilo. Mapafu ya ndege yana vifuko vya hewa mwili mzima, hewa inapita upande mmoja tu, kwa hiyo moshi ambao wewe unakohoa kidogo yeye unamuua, na kikaango kile cha kutoshika kikiungua bila kitu ndani kinatoa gesi inayoua ndege ndani ya dakika, hata harufu wewe husikii.

Nikauliza pia kuhusu karatasi. Karibu kasuku wote duniani wapo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, aina nne tu ndo zimeachwa nje, na rozela hayumo kwenye hizo nne, yupo orodha ya pili. Australia yenyewe haiuzi nje ndege wake wa asili kibiashara, kwa hiyo rozela unayemwona huku katoka kwa wazalishaji wa Ulaya au Afrika Kusini. Mgeni alikuwa na faili lake limekamilika, kibali, cheti cha afya, kila kitu. Nikamwambia aende yeye mwenyewe ofisi ya wanyamapori, aeleze anamkabidhi nani, karatasi zibaki kwa bibi. Alienda. Hii hatua watu wanaiona usumbufu, lakini siku ukiulizwa ndege umemtoa wapi, jibu la "nilipewa na jirani kahama" halitakusaidia.

Swali la mwisho lilinyamazisha nyumba. Ndege ana miaka mitano, anaweza kuishi kumi na tano zaidi. Bibi ana 71. Nani atamchukua? Dada akasema "mama jamani usianze mambo hayo", bibi akacheka, akasema mwenzenu kauliza vizuri, jibuni. Hakuna aliyejibu.

## Uamuzi

Tulikubaliana anachukuliwa, ila kwa masharti niliyoyaandika kwenye karatasi tukaibandika nyuma ya mlango wa stoo: ndege ni wa bibi, siyo wa nyumba. Hashikwi na mtu. Anakaa kwenye banda la kuruka, tundu dogo ni la safari na la kulala siku za mwanzo tu. Hapewi mwenzake mpaka tuongee. Na ndani ya mwaka huo familia itaje mrithi.

Kwa nini mmoja na siyo wawili? Hapa kuna watu watanibishia na wana haki. Ndege wa jozi ndo maisha yake ya asili. Lakini jozi ya rozela ikishaingia msimu inakuwa na ukali wake, inataka sanduku la kutagia, vifaranga vinakuja, na bibi alishasema wazi hataki mradi. Akiwa mmoja na kuna mtu mita mbili kutoka kwake mchana kutwa, nikaona inakubalika. Angekuwa anaachwa peke yake ningesema jozi au asichukuliwe kabisa.

## Banda

Hapa nitakaa kidogo maana ndo palipokula hela na muda.

Fundi wa kuchomelea alishakuja na mpango wake: banda chini ya mparachichi, kivuli kizuri, baraza iko karibu. Ukiangalia kwa macho ya kawaida ni sehemu bora kuliko zote. Tatizo parachichi lina sumu inayoitwa pesini, na haiko kwenye tunda tu, majani yanayo, gome linayo, na rozela kazi yake ni kutafuna kila tawi linalomfikia. Huku kwetu kila uwanja una mparachichi kwa hiyo hii siyo kitu cha kusoma ukapita. Banda likahamia upande wa pili wa baraza, ukuta unazuia upepo wa mvua, jua la asubuhi linaingia, na jiko la mkaa likahamishwa nyuma ya nyumba, pikipiki nayo ikatafutiwa sehemu yake.

Vipimo: mita tatu urefu, mita moja upana, kimo mita mbili ili binti aingie kufanya usafi amesimama. Wavu wa nusu inchi, kwa sababu ya panya na nyoka zaidi ya ndege mwenyewe, na chini tukamwaga zege. Mlango tukaweka miwili, unaingia kwanza kwenye kijisehemu unafunga nyuma yako ndo unafungua wa ndani.

Sasa wavu mpya. Ule wavu umechovywa zinki, ukiupitisha kidole unasikia vitone vidogo vimeganda kwenye makutano ya waya, na ndege anavibandua kimoja kimoja kwa ncha ya mdomo kama mtu anayechokoa mchele kwenye meno, anameza, na zinki ikijaa mwilini anatapika, anatetemeka, anakufa watu wakisema karogwa. Tuliusugua wavu wote kwa brashi ngumu na siki, ndani nje, alafu tukauacha juani na kwenye mvua kabla ndege hajaingia. Fundi alituona wehu. Alitaka pia kupiga rangi ile nyekundu ya kuzuia kutu kwenye fremu yote, tukamwambia nje sawa, ndani usiguse.

Vijiti vya kutulia tukaweka matawi ya mpera ya unene tofauti tofauti, siyo mbao za duara za fundi ambazo zote unene mmoja zinaumiza nyayo. Alafu kuna jambo lilinifurahisha. Migrivea ya mpakani, hii miti ya kivuli cha kahawa ambayo Kilimanjaro nzima imejaa, asili yake ni mashariki ya Australia. Mikaratusi nayo vivyo hivyo. Tulikata matawi ya mkaratusi mabichi yana majani na vitumba tukayafunga ndani ya banda, na ndege ambaye kwa mgeni alikuwa anakaa kijiti kimoja siku nzima alishuka kwenye lile tawi hakutoka, anachubua gome kwa vipande virefu, anafungua vitumba, anadondosha, anaenda kingine. Mgrivea ukichanua maua yake ya rangi ya chungwa bibi anamkatia, anaramba utamu wake mpaka paji la uso linanata.

## Miezi ya mwanzo

Siku ya kumpokea tulimweka kwenye boksi lake la safari juu ya mizani ya jikoni, tukatoa uzito wa boksi, ikabaki gramu 131. Mnene. Ukigusa kifua ule mfupa wa katikati huupati. Kwa mgeni alikuwa anakula alizeti karibu tupu, na alizeti kwa kasuku ni mafuta juu ya mafuta, vitamini A hamna. Bibi na binti wakaenda soko la Mbuyuni kununua mtama, ulezi na uwele, wakawa wanachanganya na kupunguza alizeti taratibu, asubuhi mchicha na karoti iliyokwanguliwa, mahindi mabichi kipande, embe au pera. Ukimbadilishia ghafla anaweza kugoma kula kabisa, kwa hiyo hii ilichukua wiki nyingi na bibi alikuwa na subira kuliko mimi.

Kinyesi tulipeleka maabara ya mifugo, kikakutwa na mayai ya minyoo, akapewa dawa. Rozela anapenda kula chini, anaparura ardhi, ndo maana minyoo inamsumbua na ndo maana tukaweka zege.

Alafu ikaja ile Jumamosi. Bibi kaenda msibani, binti yuko nyuma anafua. Dogo alikuwa amevumilia karibu mwezi mzima, marafiki zake wanamuuliza kila siku kasuku wako yuko wapi mbona haji begani. Akachukua kitenge cha bibi, akaingia bandani, akamkimbiza mpaka ndege akachoka akamfunika. Rozela akageuza shingo akamng'ata kidole gumba, nyama ya chini ya kucha, alama mbili, ya juu ndefu imezama na ya chini fupi, damu nyingi kwa kitu cha gramu mia. Dogo akaachia. Kwenye kitenge yalibaki manyoya manne ya mkia.

Kidole kilioshwa, kikapona. Manyoya yakiondoka mazima mpaka shina lake, kinyeleo kikabaki salama kwenye ngozi, yanaota upya, yaliota. Kilichochukua muda ni kitenge. Ndege alikuwa ameikariri ile nguo, na bibi siku zote kavaa kitenge au kanga! Akikaribia tu, ndege anaruka anajigonga kona ya mbali. Bibi ilimuuma sana hii, alisema "ananiona mimi ndo mwizi". Tukamshauri arudishe kiti nyuma mpaka pale ndege anapotulia, akae, asimwangalie moja kwa moja, kila baada ya siku kadhaa asogeze kiti kidogo. Kwa siku za mwanzo alivaa dera. Aliporudi pale alipokuwa mwanzo, miezi miwili ilikuwa imekatika.

Katikati ya hayo dada kutoka Dar, kwa nia njema kabisa na bila kuniambia, akaagiza lavubedi mmoja, kasuku mdogo wa Afrika, kwa mtu wa Arusha "amchangamshe". Akaja kwenye kiboksi, binti akamwachia bandani saa nane mchana. Rozela alianza kutikisa mkia kushoto kulia, mabega kayanyanyua, anatoa mlio wa kukoroma koroma, na hiyo kwa rozela ni onyo. Kabla ya saa kumi lavubedi alikuwa ameng'olewa kipande cha kidole akiwa ameshikilia wavu. Akatolewa, akafungwa dawa, alipona, akapewa mtu mwenye wenzake. Na karatasi zake? Hamna. Lavubedi wa Fischer ni ndege wa kwetu kabisa, kaskazini mwa Tanzania, miaka ya 1980 alikuwa anakamatwa kwa maelfu kupelekwa nje, kwa hiyo mtu akikuuzia bei chee bila maelezo jiulize mara mbili.

## Matokeo

Imepita zaidi ya mwaka. Uzito umeshuka mpaka gramu 112, anaruka urefu wote wa banda asubuhi na jioni, anaoga kwenye beseni kila siku mpaka baraza inalowa. Haongei. Anapiga mluzi wa noti tatu za mwanzo za wimbo ambao bibi huimba akichambua maharage, ya nne anaikosea kila mara na bibi anamrekebisha.

Kwenye kidole hapandi. Ila bibi akikaa, anashuka kwenye tawi la chini kabisa upande wa kiti. Bibi anasema inatosha, na mi namwamini kwa sababu alisema hivyo hivyo kabla hajampata.

Dogo alikata tamaa. Kwa miezi alikuwa anapita pale bila kuangalia. Sasa hivi ndo mleta matawi ya mkaratusi, kazi ya kupanda mti anaipenda, ndege mwenyewe bado wanaangaliana kwa mashaka. Dada alitumiwa video ya mluzi akajibu na emoji moja.

## Kilichofanya kazi na kilichogoma

Kuuliza kila mtu peke yake ndo kuliokoa kila kitu. Tungekaa sebuleni wote, dogo na dada wangeongea, bibi angenyamaza kwa sababu ndo kawaida ya wazazi wetu wakiona mtoto anatoa hela, na jibu lingekuwa rozela hafai. Na kwa dogo ni kweli hakufaa. Mtoto anayetaka ndege wa begani angetafutiwa kokateli, kasuku mwingine mdogo wa Australia, aliyelelewa kwa mkono, au aachane na ndege apewe mbwa, sijui kwa nini watu wanakimbilia kasuku wakati mbwa anafanya hayo yote bure.

Banda lilifanya kazi, alizeti nayo. Baada ya kuitoa kwenye chakula tuliigeuza mshahara: anapewa punje mbili tu, na ndani ya boksi la safari tu. Sasa anaingia boksini mwenyewe, bibi anafunga, anapimwa. Kwa ndege asiyeshikika hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, maana siku akiumwa usipokuwa na njia ya kumkamata bila vita utamuua kwa hofu kabla daktari hajafika, na huku madaktari wengi wa mifugo siku zao ni ng'ombe, kuku na mbwa.

Usafi nao. Kuna bakteria anaitwa Chlamydia psittaci, binadamu anampata kwa kuvuta vumbi la kinyesi kilichokauka, inakuja kama homa, kichwa, kikohozi kikavu, huku kwetu mtu ataanza kutibiwa malaria au nimonia ya kawaida. Kwa mtu wa umri wa bibi siyo mchezo. Binti alifundishwa amwagie maji kwanza ndo afagie, na bibi akienda hospitali na homa aseme nafuga kasuku. Hili halijagoma hata siku moja kwa sababu binti ndo mwenye msimamo kuliko wote pale.

Kilichogoma ni karatasi ya mlangoni. Sharti la "hashikwi na mtu" liliandikwa kwa watu wazima. Mtoto wa miaka 10 aliambiwa ndege siyo wako, usimguse, na akaachwa hapo, bila kazi yoyote, anamwangalia mchana kutwa kiumbe mzuri kuliko vyote alivyowahi kuona. Kazi ya matawi ingetolewa siku ya kwanza, sina uhakika kama kitenge kingetumika. Na kufuli la banda lilinunuliwa baada ya kung'atwa, kama kawaida yetu.

Lavubedi naye anaonyesha kitu kilekile kwa upande wa dada. Yeye alikuwa bado ananunua ndege wa kumwondolea mama upweke, alipoona huyu haongei akaongeza mwingine. Sharti la kutoleta mwenzake alilijua. Ila hakuna aliyemweleza sababu, kwamba huyu akiletewa mgeni bandani anamng'ata.

La mrithi bado. Mwaka ulipita, hakuna aliyetajwa. Nilimkumbusha dada, akasema Desemba wote wanapanda Moshi, watakaa kikao. Bibi ameshaliweka kwenye orodha yake, kwanza kihamba (shamba la ukoo), pili paa la jiko, tatu ndege, na amesema safari hii hakuna mtu anaondoka Krismasi kabla ya namba tatu.